Goma: Mhandisi wa jiji afike kabla ya msingi, asingoje kuja na rangi nyekundu

Wakaaji wengi wa Goma wanaifahamu ofisi ya mipango miji kwa jambo moja tu: alama nyekundu ukutani. Nyumba inalala vizuri, asubuhi inaamka na msalaba wa rangi, au maneno ya Kifaransa yanayosema kazi isimame, au kwamba ukuta utabomolewa. Wakati huo ukuta umekwisha kupanda hadi kwenye linta. Sementi imelipwa, mafundi wamelipwa, mawe ya volkeno yameletwa kwa chukudu, na mama wanaopasua changarawe wamekwisha kuondoka na pesa yao. Hapo ndipo serikali inakumbuka kwamba mahali pale palikuwa na njia ya maji au ukingo wa barabara.

Mhandisi wa jiji anayefika baada ya ukuta amechelewa, hata kama sheria iko upande wake. Kuchelewa huko kunamgharimu mkaaji nyumba yake. Kunamgharimu mkandarasi jina lake, na jiji zima linabaki na mitaa isiyopitisha maji wala gari la wagonjwa. Ndiyo maana tunalizungumzia leo, kwa sababu ni jambo linaloweza kubadilishwa hata katika jiji lisilo na pesa nyingi.

Kwanza tujue nani ni nani, maana wengi hupotea hapo. Goma haina mlango mmoja ambao mkaaji anaweza kuingia na swali la ujenzi, akatoka na jibu. Kuna divisheni ya mipango miji na makazi, inayoshughulika na ruhusa ya kujenga. Kuna kadasteri inayopima viwanja, na mhifadhi wa hati za ardhi anayetia sahihi kwenye cheti. Barabara za mjini na mitaro ni kazi ya OVD, lakini barabara ya taifa namba 2, ile inayotoka Sake, inakatiza mjini na kupanda kuelekea Rutshuru, ni ya Office des Routes. Maji ni ya REGIDESO, umeme ni wa SNEL na Virunga Energies. Halafu kuna komini mbili, Goma na Karisimbi, kata 18, machefu wa kata na wa avenyu, na juu ya hao wote wanaokusanya kodi za jimbo. Kila mmoja ana mhuri, na kila mmoja anaweza kukuambia umeanzia pasipostahili.

Sheria ya ugatuzi ya tarehe 7 Oktoba 2008 iliwapa jiji na komini wajibu juu ya barabara na mitaro ya ngazi yao. Wajibu ulishuka chini. Pesa na mashine vilibaki juu. Burugumesta anapoulizwa kuhusu kanivo iliyoziba ananyoosha kidole kuelekea OVD, na OVD inaelekeza jimboni. Jimbo linakumbusha kwamba fungu la Kinshasa halijafika. Mvua haingoji barua hizo zijibiwe.

Tumtazame sasa mtu wa kawaida aliyenunua kiwanja Ndosho au Mugunga. Mkononi ana karatasi ya kata, ile wanayoiita fiche parcellaire, na ana karatasi ya mauzo yenye sahihi za mashahidi. Anaamini kwamba kiwanja ni chake. Lakini sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya dola, na kifungu cha 219 kinasema haki ya mtu juu ya kiwanja inathibitishwa na cheti cha usajili peke yake. Karatasi ya kata inaonyesha tu kwamba unajulikana pale. Ni watu wangapi wameelezwa hivyo kabla ya kulipa? Chefu aliyeandika karatasi hakusema, na muuzaji hakuwa na sababu ya kusema. Ofisi ambayo ingesema iko mbali, na kuifikia kunahitaji motari, siku nzima, na ujasiri.

Akifika huko hakuti ukutani bei ya ruhusa ya kujenga, wala idadi ya siku za kungoja, wala orodha ya karatasi anazotakiwa kuleta. Anakuta mtu. Mtu huyo anaweza kuwa mwema, na wapo wengi wema. Lakini bei iliyo kichwani mwa mtu hubadilika kulingana na viatu vya aliye mbele yake. Agizo la waziri la mwaka 2013 kuhusu ruhusa ya kujenga lipo, lina vifungu na taratibu zake. Ni nani kati ya mafundi wanaojenga Katoyi leo aliyewahi kuliona, au kusomewa kwa Kiswahili? Hapo ndipo mwenye kiwanja anapopiga hesabu yake ya kawaida: nikienda ofisini nitalipa na kungoja bila kujua mwisho, nikijenga kimyakimya, siku ya Jumapili au usiku, labda sitaonekana, na nikionekana nitalipa huyo atakayekuja. Hesabu hiyo ni mbaya kwa jiji, lakini si ya mjinga. Ofisi yenyewe ndiyo iliyomfundisha.

Lazima tuseme pia upande wa watumishi, maana ni rahisi mno kuwatupia mawe. Wako maofisa wa idara hizi waliofanya kazi miaka mingi bila mshahara wa kueleweka. Mpimaji anaambiwa aende Mugunga kukagua uwanja, lakini hapewi pikipiki, mafuta wala kipimo kinachofanya kazi. Mwishowe usafiri unalipwa na yule anayekaguliwa. Mkandarasi ndiye anayemtuma dereva kumchukua mkaguzi, ndiye anayemnunulia chakula cha mchana, na ndiye anayemrudisha nyumbani jioni. Halafu tunashangaa kwamba ripoti inasema kazi ni nzuri. Kiongozi anayetaka ukaguzi wa kweli aanze kwa kuwapa wakaguzi wake mafuta ya pikipiki. Ni gharama ndogo kuliko daraja moja lililoanguka.

Lakini kwa nini tunasisitiza mhandisi afike mapema, hapa Goma kuliko mahali pengine? Kwa sababu ya ardhi tunayoikalia. Goma haina mto unaopita ndani yake. Maji ya mvua yanazama kwenye nyufa za mawe ya volkeno, au yanatafuta bonde lolote kuelekea ziwa Kivu. Anayejenga ukuta wa mawe katika bonde dogo la avenyu yake anayageuza maji kuingia kwa jirani, na jirani naye anajenga ukuta wake. Baada ya miaka mitano avenyu nzima imekuwa beseni. Kisha tunalaumu mvua. Kuchimba kanivo hapa ni kupasua mwamba, si kama kuchimba udongo wa Masisi. Mtaro ambao ungegharimu siku mbili kabla ya nyumba kujengwa unagharimu miezi na mabishano ya fidia baada ya nyumba kusimama. Hata choo kina hesabu yake: shimo katika mawe yenye nyufa linaweza kupeleka uchafu mbali na pale ulipomwagwa, na watu wengi bado wanachota maji ziwani kwa bidoni.

Volkeno yenyewe imetufundisha, kama tungetaka kufundishwa. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya jiji, ikafunika sehemu ya njia ya ndege na kuingia ziwani. Mitaa ilipanda juu. Kuna majengo ambayo chumba cha chini kilizikwa, na ghorofa ya kwanza ikawa ndiyo ya kuingilia kutoka barabarani. Alama za mipaka ya viwanja zilibaki chini ya mwamba. Watu walirudi lava ikiwa bado na joto, wakaanza kuweka mawe kuonyesha "hapa ni kwangu", kisha wakasimamisha nyumba za mbao. Jiji lilipangwa upya na wenye viwanja wenyewe, kwa kumbukumbu na kwa sauti. Aliyekuwa na ramani ya zamani mkononi alikuwa na neno. Asiyekuwa nayo alitegemea majirani wake waseme ukweli. Kesi nyingi za mipaka zilizofuata zina mizizi katika majuma yale.

Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukarudi. Safari hii lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege baada ya kuteketeza vijiji na nyumba upande wa Nyiragongo na Buhene, na kukata barabara ya Rutshuru. Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi aliamuru watu wa kata 10 kati ya 18 waondoke. Wote tunakumbuka barabara ya Sake siku ile: magari, pikipiki, mama wenye watoto mgongoni, njia moja kwa jiji la watu zaidi ya milioni. Mitetemeko ilifungua nyufa barabarani na katika kuta za nyumba. Waliporudi, watu waliuliza swali moja: nyumba yangu yenye ufa, nilale ndani au nisilale? Hilo ni swali la mhandisi, wala padri wala chefu wa avenyu hawezi kulijibu. Waliolijibu mara nyingi ni mafundi wa mtaani, kwa kugonga ukuta kwa nyundo na kusikiliza.

Ujenzi usiopangwa una gharama nyingine ambayo Goma imelipa kwa damu. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya abiria ilishindwa kuruka, ikavuka mwisho wa njia na kuingia katika maduka na nyumba za Birere. Makumi ya watu walikufa, wengi wao wakiwa chini, katika shughuli zao. Tarehe 24 Novemba 2019 ndege ndogo ilianguka juu ya nyumba za Mapendo, watu zaidi ya 20 wakafa. Sababu za ndege kuanguka ni za watu wa anga. Lakini swali la kwa nini familia zinalala mita chache kutoka mwisho wa njia ya ndege linahusu ofisi iliyotazama nyumba hizo zikijengwa moja moja, kwa miaka, ikichukua kodi.

Wako wanaosema dawa ni ukali: alama nyekundu zaidi, tingatinga zaidi. Tuangalie Nairobi. Tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa liliporomoka Huruma usiku wa mvua, likaua watu wasiopungua 49. Jengo hilo lilikuwa limekwisha kutajwa kuwa si salama na kupangiwa kubomolewa. Wapangaji walibaki ndani, kodi ya nyumba ikaendelea kulipwa. Wenye mamlaka walikuwa wamejua hatari na kuiandika, kisha hawakufanya kitu. Kenya ina mamlaka ya taifa ya ujenzi inayoandikisha wakandarasi, ina wahandisi wengi kuliko sisi, na bado ilitokea, kwa sababu jengo lilikuwa limesimama tayari na kila mtu alikuwa na faida yake ndani yake. Kubomoa ni kazi ngumu kwa serikali yoyote. Kuzuia msingi usichimbwe mahali pabaya kunahitaji mtu mmoja na pikipiki yake.

Tugeukie wakandarasi, ambao wakaaji hupenda kuwaita wezi. Baadhi ni wezi kweli. Lakini msikilize mwenye kampuni ndogo ya ujenzi ya Goma akueleze jinsi kazi ya umma inavyokwenda. Anashinda soko, anaambiwa aanze haraka kwa sababu mkubwa atapita Ijumaa. Anakopa sementi kwa mfanyabiashara, anakopa mashine, analipa vijana. Anapeleka madai yake ya malipo. Yanazunguka meza hadi meza. Mwezi wa sita bado anazunguka nayo, na mwenye sementi yuko mlangoni kwake. Mkandarasi huyo akipata kazi nyingine atafanya nini? Ataongeza bei kufidia kungoja, au atapunguza sementi. Barabara inayotoboka baada ya mvua mbili mara nyingi ilianza kutoboka mezani, pale karatasi ya malipo ilipolala.

Sheria ya masoko ya umma ya tarehe 27 Aprili 2010 inataka ushindani na uwazi. Kwa mkaaji wa Majengo, uwazi una maana nyepesi sana: bango mwanzoni mwa kazi, linalosomeka, lenye jina la kampuni, bei ya kazi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na jina la ofisi inayosimamia. Mabango ya namna hiyo tunayaona kwenye miradi ya wafadhili. Kwenye kazi za fedha yetu wenyewe mara nyingi hakuna hata ubao. Mama anayeuza ndizi mbele ya kazi hiyo kila siku anaona kama vijana wanaweka chuma au hawaweki. Ni mkaguzi wa bure, anayefika saa kumi na mbili asubuhi bila gari la mtu. Lakini hajui kazi hiyo iliandikwa iweje, wala pa kupeleka neno lake.

Na kuna hasira nyingine ambayo mkaaji yeyote wa mjini anaifahamu. Barabara inatengenezwa, inapendeza, watu wanapiga picha. Baada ya muda anakuja mwenye bomba, anaikata kupitisha maji. Anafunika kwa changarawe. Kisha mwenye nguzo naye anachimba. Hakuna aliyevunja amri ya mwenzake, kwa sababu hakuna aliyemuuliza mwenzake. Kila shirika lina ramani yake, au halina. Kikao kimoja kila mwezi, OVD, REGIDESO, watu wa umeme na komini mezani pamoja, kila mmoja akitaja wapi atachimba miezi mitatu ijayo, hakigharimu zaidi ya chai. Mkandarasi apewe ramani hiyo kabla ya kuweka bei, ili asipasue bomba la kata nzima halafu alaumiwe peke yake.

Wakaaji nao tusijitoe. Kanivo zinazozibwa na plastiki hazizibwi na OVD. Kuna anayesogeza ukuta nusu mita kila anapoukarabati, hadi avenyu ya magari inakuwa ya chukudu, kisha ya miguu. Salongo ya Jumamosi inasafisha mtaro, na Jumatatu duka lililo juu yake linafagia uchafu humo humo. Tunayajua haya. Lakini mkaaji hawezi kuheshimu mpaka ambao hakuna aliyemwonyesha, na mtaro ambao haujulikani unaishia wapi unageuka kuwa jalala kwa haraka sana.

Limebaki jambo ambalo wengi wanaliogopa na wachache wanalitaja. Tangu mwisho wa Januari 2025 jiji liko mikononi mwa AFC/M23. Benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na waliokuwa na mihuri jana sio walio nayo leo. Hapa hatuzungumzi vita. Tunazungumzia makabati. Goma imekwisha kuona mihuri ya Zaire, ya AFDL, ya RCD, ya serikali ya mpito na ya zilizofuata, na kila mara kuna viwanja vilivyopata wenyewe wawili, kila mmoja na karatasi ya enzi yake. Yatima na wajane ndio waliopoteza zaidi, pamoja na waliokimbia mji wakakuta nyumba ina mtu mwingine. Daftari la kadasteri, mafaili ya ruhusa za kujenga, ramani za mitaro na za mabomba, hayo si mali ya anayeshika ofisi. Ni ya watu walioandikwa humo, wawe Goma, Kinshasa, Nakivale au ng'ambo. Anayeshika ofisi leo anatakiwa asing'oe ukurasa wala kuongeza wa tarehe ya uongo, na kiwanja cha aliyekimbia kisiandikwe jina jipya akiwa hayupo. Kinshasa nayo isisahau kwamba mkaaji aliyelipa ruhusa yake kwa uaminifu katika siku hizi hakuchagua nani ampokee dirishani. Siku mambo yatakapotengenezwa, faili lake litazamwe kwa kazi iliyofanyika uwanjani, asitozwe mara ya pili kwa kosa ambalo si lake.

Na wewe mwenye karatasi, usingoje siku hiyo: piga picha kila ukurasa, mbele na nyuma, weka nakala kwa ndugu aliye mji mwingine. Kamwite fundi akupimie kiwanja, mchore pamoja mipaka na majirani, wote watie sahihi. Mchoro huo hautageuka kuwa cheti, lakini mwaka 2002 wengi wangefurahi kuwa nao.

Kwa ofisi tunaomba mambo ambayo hayangoji bajeti. Bei na siku za kungoja ziandikwe kwa Kiswahili mlangoni na kwenye kila ofisi ya komini, na risiti itolewe kwa kila franka. Anayetaka kujenga aandikishe jina lake katani, na ndani ya juma moja mhandisi au mpimaji apite uwanjani kabla ya jembe la kwanza, aonyeshe kwa kigingi wapi maji yanapita na wapi barabara inaishia, aache karatasi yenye jina lake na sahihi. Akipita juma hilo bila mtu kuja, mwenye kiwanja asiulizwe baadaye kwa nini alianza. Kata moja inatosha kwa kuanzia. Katoyi ingefaa, au Ndosho, ambako bado kuna viwanja vitupu na ambako maji yamekwisha kuingia ndani ya nyumba za watu. Kiangazi kinaanza mwezi wa sita na mvua inarudi mwezi wa tisa. Katika miezi hiyo mitatu ndipo watu wa Goma huchimba misingi yao.